Barabara Imekufa, Jina Limebaki

Atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu na Taru, kisha hufika mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Wasafiri hushuka, wakanywa chai, wakaendelea na safari. Ni wachache wanaouliza: Mackinnon ni nani, na barabara yake iko wapi?

Sir William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti, mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Mwaka 1890 kampuni hiyo ilianza kukata njia ya magari ya maksai kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi. Baadaye Kapteni Sclater akaiendeleza hadi upande wa Uganda. Lakini mbung'o wa nyika waliwaua maksai, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilipofika Kisumu mwaka 1901, gari la ng'ombe likakosa kazi. Njia ikamezwa na miiba, jina likabaki.

Kabla ya maksai palikuwa na misafara, na wapagazi wetu wa Pwani wakibeba mizigo vichwani. Hao hawakuwa na tajiri wa kumtukuza. Walikuwa na kiu. Kwa hiyo walitaja maji. Maji ya Chumvi ni onyo: usijaze kibuyu hapa. Taru ilisifika kwa ngurunga zake, yaani mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua. Aliyezikuta kavu alijua safari imeharibika.

Leo, ukivuka Mackinnon Road kuelekea Maungu na Kasigau, umeingia nchi ya ranchi. Karibu na Maungu nilizungumza na mzee mmoja mchungaji. Kila korongo alilitaja kwa jina lake, na kila jina lilikuwa na habari: hapa maji hukaa mwezi mmoja baada ya masika, pale huzama upesi. Nikamuuliza kama vijana wanayajua.

"Wao wajua tangi na bomba," akanijibu. "Bomba likikatika kiangazi, ng'ombe watawapeleka wapi?"

Swali hilo si la mashairi, ndugu msomaji. Ni la mali na uhai. Na tangu mwaka 2017 abiria wa reli mpya hashuki tena katika vituo vile vya zamani, basi hata yale majina makubwa yanazidi kusahauliwa, sembuse ya makorongo.

Sisemi jina la Mackinnon lifutwe; nalo ni historia. Nasema walimu wa Samburu, Taru na Maungu wawatume wanafunzi kwa wazee, na daftari mkononi, waandike kila ngurunga, bwawa na korongo, pamoja na maana yake. Jina la tajiri limeandikwa kwenye ramani. La maji bado limo vinywani mwa wazee, nao hawatungoji.