Samadi na Udongo Uliochoka wa Kitui na Makueni

Sehemu kubwa ya udongo wa Kitui na Makueni, nchini Kenya, ina upungufu wa mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza na kushikamana na chembe za udongo. Kwa sababu hiyo, mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo la wakulima wengi wa huko, hutiririka juu ya shamba badala ya kuzama. Udongo usio na mboji huvunjika unapopigwa na matone, chembe zake laini zikaziba vitundu vya kupitishia maji, na jua linapowaka sehemu ya juu hukauka ikawa gamba gumu ambalo mche wa ndengu hushindwa kulitoboa. Makingamaji ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, huzuia mmomonyoko vizuri sana, lakini hayarudishi rutuba iliyokwisha kupotea.

Kinachoirudisha ni samadi, nayo huharibika mapema, tangu ingali zizini. Ikiachwa juani, naitrojeni, kirutubisho kinachostawisha majani, hupaa hewani ikiwa amonia, na mvua huchuja sehemu nyingine. Hivyo mkulima hubeba shambani mzigo mzito wenye lishe haba. Kivuli, matandiko ya nyasi yanayofyonza mkojo na lundo lililofunikwa hupunguza hasara hiyo bila gharama kubwa. Mabua makavu ya mahindi nayo yasifukiwe peke yake karibu na kupanda, kwa kuwa yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, mahindi yakageuka manjano.

Familia yenye mbuzi wachache haiwezi kupata tani za samadi zinazotajwa katika ushauri mwingi, na kuinyunyiza shamba zima ni kuipoteza. Ni afadhali iwekwe katika mashimo ya kupandia yaitwayo zai, mbinu iliyoshamiri Burkina Faso, ambapo samadi na maji hukutana penye mzizi. Kwa kuwa joto huozesha mboji upesi, kazi hii hurudiwa kila baada ya misimu michache. Mbaazi husaidia katikati ya misimu hiyo: mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani na majani yake hupukutika shambani, ingawa vijiti vyake huishia mekoni.