Kioo cha dirisha kikivunjika, usisubiri msimu wa mauzo

Siku moja nikiwa zamu ya mchana wilayani Rufiji, bibi mmoja aliingia amembeba mjukuu wake wa miaka sita. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa kipande cha kanga kilicholowa damu. Nilipokifungua, nilikuta kidonda kimejazwa unga mweusi wa betri ya redio.

"Shikamoo bibi. Amefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Kioo cha dirisha kimemkata. Mpira uliingia ndani, akapitisha mkono auvute."

Walikuwa wametoka Nyamwage, kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara, ukishavuka Daraja la Mkapa kutokea Ikwiriri, pale inapochepuka njia ya kwenda Utete. Kioo chenyewe kilikuwa kimevunjika miezi mitatu kabla. Baba wa mtoto aliziba tundu kwa boksi, lakini vipande vilivyobaki kwenye fremu hakuvitoa. Boksi likaficha makali. Mtoto alilisukuma, mkono ukapita, na wakati wa kuurudisha kioo kikamchana kiganja.

Nilimwomba akunje vidole. Vitatu vilikunjika. Cha pete na cha mwisho vilibaki vimenyooka. Hapo nikajua kuwa kano, zile kamba ngumu zinazovuta vidole, zimekatika.

"Tulisema tutanunua kioo tukishauza ufuta," bibi aliniambia kwa sauti ya chini.

Sikumlaumu, na leo simlaumu msomaji yeyote mwenye boksi dirishani. Fedha ya mkulima wa Rufiji na Kibiti huja kwa msimu, ufuta ukivunwa na korosho zikiuzwa. Nyumba hujengwa kidogo kidogo: matofali mwaka huu, bati mwaka ujao, madirisha mwisho. Kioo kimoja kikivunjika baada ya hapo, kinaonekana ni jambo la urembo linaloweza kungoja. Ninachotaka kusema leo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haingoji, na sehemu isiyongoja ndiyo ya bei nafuu.

Dirisha bovu linaumiza kwa njia tatu

Ya kwanza ni hiyo uliyoiona. Kioo cha kawaida cha dirisha hupasuka kwa vipande virefu vyenye ncha kama kisu. Si kama kioo kigumu cha usalama, kile cha madirisha ya pembeni ya gari, ambacho husambaratika kuwa punje ndogo butu. Mtoto anayekimbia, mtoto anayechungulia nje, mtoto anayetafuta mpira, wote mikono na nyuso zao ziko kwenye kimo cha dirisha.

Ya pili ni mbu. Rufiji ni bonde la mto, mashamba ya mpunga na madimbwi. Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa umri wa chini ya miaka mitano, takriban watoto 8 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, wengi wao huumia ndani ya nyumba, na huingilia kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, milangoni na madirishani.

Ya tatu ni hewa. Familia nyingi zikishindwa kununua kioo hupigilia mbao au nailoni na kulifunga dirisha moja kwa moja. Chumba kinakuwa tanuri. Hewa haizunguki, na kama kuna mtu anayekohoa kifua kikuu, wanaolala naye wanavuta hewa ileile usiku kucha. Watoto wakishikwa na joto hutupa chandarua pembeni au huhamishia mkeka nje barazani. Umezuia mbu dirishani, ukampeleka mtoto kwa mbu.

Nilimuuliza yule bibi ni nani mwingine analala chumba kile. Alinitajia mdogo wake yule mvulana, wa miaka miwili, aliyekwisha kutibiwa malaria mara mbili tangu kioo kivunjike. Siwezi kuapa kwamba ni dirisha lile lililomletea ugonjwa. Lakini ningekuwa mzazi wake, ningeanza hapo.

Kinachozuia mbu ni wavu, si kioo

Hili naomba ulishike. Kioo hukinga mvua, vumbi na upepo. Hakizuii mbu dirisha likiwa wazi, na ni nani anayelala dirisha limefungwa mwezi wa Februari huku kwetu pwani? Kinachoruhusu hewa iingie na mbu wabaki nje ni wavu.

Faida yake imepimwa. Utafiti uliofanyika nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu na zile zisizowekewa. Katika nyumba zisizo na wavu, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizowekewa wavu walikuwa 12. Upungufu wa damu ndio unaoleta watoto wengi wodini wakihitaji kuongezewa damu, na malaria ni mojawapo ya sababu zake kubwa.

Kwa hiyo kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu, nunua wavu kwanza. Kioo kitafuata ufuta ukiuzwa. Ukiwa dukani, angalia matundu yake: njiti ya kiberiti isipite. Upigilie kwa vipande vyembamba vya mbao kuzunguka fremu yote, usiwe wa kuninginia kwa misumari minne ya pembeni, maana mbu hahitaji mlango, anahitaji ufa. Madirisha ya luva, yale yenye vioo vyembamba vinavyolala kimoja juu ya kingine, wavu hukaa upande wa ndani ili vioo viweze kufunguka. Na usisahau ule uwazi wa juu kati ya ukuta na paa. Ukiweka wavu dirishani ukauacha ule wazi, umefanya nusu ya kazi.

Wavu wa dirisha hauondoi chandarua kitandani. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja. Chandarua chenye dawa mama mjamzito hupewa kliniki anapohudhuria, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa. Kama hukupewa, uliza.

Siku kioo kinapovunjika

Kazi ya siku hiyohiyo haihitaji duka la vioo. Waondoe watoto chumbani, na kila mtu avae viatu, si ndala. Vaa glavu nene za kazi, au funga mikono kwa gunia au kitambaa kizito. Kinga macho kwa miwani, hata ya jua.

Bandika selotepu au gazeti lenye gundi juu ya kioo kilichopasuka, ili vipande visikudondokee. Kisha toa vipande kimoja kimoja kwa plaizi, ukianzia juu kushuka chini. Ukianza chini, cha juu kitakuangukia mkononi. Usiache hata kipande kidogo kwenye fremu. Hili ndilo lililosahaulika Nyamwage, na ndilo lililomkata mtoto.

Sakafuni, fagia kwanza, kisha pitisha kitambaa chenye maji au donge la ugali ulioiva ili kuokota punje zisizoonekana. Tupa kitambaa hicho na ugali huo pamoja na vioo, usivitumie tena. Usitupe vioo jalalani vikiwa wazi, wala shambani, wala kwenye mtaro. Viweke kwenye kopo la bati au ndoo iliyopasuka, funika, kisha chimbia shimo refu mbali na njia za watoto. Waliofanya usafi baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti wanajua tope lilivyoficha vioo na mabati.

Kama ni lazima uzibe tundu kwa muda, ziba kwa wavu, na juu yake weka nailoni unayoweza kuikunja mvua isiponyesha. Boksi linalowa, linaota ukungu, na linamdanganya mtoto kwamba pale ni salama.

Kuweka kioo kipya

Dirisha la fremu ya mbao, kwangua pati ya zamani mpaka mbao ionekane, ng'oa misumari midogo yenye kutu, na safisha vumbi. Pima upana na urefu sehemu tatu tofauti, kwa sababu fremu nyingi zimepinda, kisha chukua kipimo kidogo kuliko vyote na upunguze milimita 3 hivi. Kioo kilichobanwa sana hupasuka joto likipanda au mbao ikivimba kwa mvua. Kate kioo kwa fundi mwenye kisu chake, usijaribu nyumbani. Mwambie asugue kingo zote ziwe butu. Tandaza pati, kalisha kioo, kishike kwa vimisumari, kisha ziba kwa pati upande wa nje ili maji ya mvua yateremke. Iache ikauke siku kadhaa kabla ya kupaka rangi.

Luva ni rahisi zaidi. Kunjua kibanio cha bati kwa plaizi, chomoa kipande kilichovunjika, chomeka kipya. Nunua unene uleule wa kile cha zamani na hakikisha kingo zimesuguliwa, maana luva huguswa kila siku. Dirisha la alumini mwachie fundi wake, kwani kioo hushikwa na mpira maalumu ambao ukikosewa maji huingia ukutani.

Kama dirisha liko chini, kwenye kimo cha mtoto, au jirani na uwanja wa mpira, fikiria kuweka wavu imara na mbao ya kufunga, bila kioo kabisa. Si aibu. Ni dirisha linalofanya kazi zote muhimu kwa afya.

Kulitunza lidumu

Mara moja kila mwezi, pita dirisha moja baada ya jingine kwa dakika chache. Angalia ufa mdogo, pati inayobanduka, wavu uliochanika pembeni, bawaba zilizolegea. Wavu uliotoboka shona kwa sindano na uzi wa nailoni siku hiyohiyo. Ufute kwa brashi laini na maji ya sabuni, kwa sababu vumbi la barabarani likiziba matundu hewa haipiti. Weka ndoano ya kushikilia dirisha likiwa wazi. Upepo wa masika ukilibamiza, kioo hakina la kufanya.

Mtu akikatwa na kioo

Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, huku ukiinua mkono au mguu juu. Kikiwa ni mchubuko mdogo na damu imekoma, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni. Usiweke unga wa betri, mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Vitu hivyo haviponyi, na udongo na kinyesi vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Kipande kilichozama usikichomoe. Huenda ndicho kinachozuia damu. Kifunge kisitikisike, uende nacho hospitali. Kioo kikiingia jichoni usifikiche wala kukandamiza, funika kwa kikombe safi cha plastiki na uondoke mara moja.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri kama damu haikomi, kidonda kimefunguka mdomo, kiko usoni, kiganjani au karibu na kiungo, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, au unahisi kuna kitu ndani. Taja kwamba ni kioo, kwa kuwa vipande vingi vya kioo huonekana kwenye picha ya eksirei. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ya pepopunda hutolewa ndani ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na mama hupata akiwa mjamzito. Akina baba wengi hawajui walichanjwa lini mara ya mwisho. Baba, wewe ndiye utakayetoa vile vioo, basi uliza.

Yule mvulana alipelekwa kwa daktari wa upasuaji na kano zikaunganishwa. Nilimwona tena miezi baadaye. Kidole cha pete kinakunjika, cha mwisho kinakunjika nusu. Anaandika vizuri. Bibi aliniambia kioo bado hakijanunuliwa, ila wamebandua boksi, wametoa vipande vyote na kupigilia wavu.

"Tumefanya vibaya, Dokta?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, bibi, hilo ndilo lilikuwa la kwanza kufanywa. Leo jioni kabla ya kuwasha taa, zunguka nyumba yako utazame madirisha. Ukikuta boksi, linyanyue uone lilichofunika.