Urembo wa Dashibodi Usiwe Mtego kwa Abiria

Asubuhi ya Jumapili isiyo na magari, Kimihurura hutulia. Desturi hiyo ilianza mjini Kigali mwaka 2016: barabara kadhaa hufungwa kwa saa chache, wananchi wakatembea kwa miguu, wakakimbia na kuendesha baiskeli. Magari hubaki uani, na wenyewe hupata nafasi ya kuyatazama kwa ndani. Huyu anapangusa vumbi, yule anakung'uta zulia, na mwingine anabandika pambo jipya kwenye dashibodi.

Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Gari langu ni kuukuu, na plastiki yake ilikuwa imepauka kwa jua. Nilinunua seti ya vipande vya kubandika vyenye sura ya mninga uliopigwa vanishi. Kipande kimoja, kikubwa kupita vyote, kilifunika sehemu yote iliyo mbele ya kiti cha abiria. Nilipomaliza, nilisimama mlangoni nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya pili sajini mmoja, fundi wa magari, alichungulia ndani. Hakusifu. Aliuliza tu, "Afande, hapa palikuwa pameandikwa nini?"

Nikamjibu kwamba palikuwa na herufi fulani ndogo.

"Na mama hukaa kiti gani, afande?"

Sikuwa na la kujibu. Mke wangu hukaa hapo hapo, na herufi nilizozifunika ndizo zilizotangaza kwamba nyuma ya plastiki ile kuna mfuko wa hewa.

KINGA ILIYOFICHWA

Yafaa kila dereva aelewe jinsi kinga hiyo ifanyavyo kazi. Gari linapogonga kwa nguvu, kipimo maalumu hutambua mshtuko na kuwasha kemikali. Gesi hujaza mfuko kwa muda wa kama sehemu tatu za mia za sekunde, yaani kabla mtu hajawahi kupepesa jicho. Ili mfuko upite, kiwanda huuwekea kifuniko chenye mshono dhaifu, uliokusudiwa kupasuka mahali maalumu na kwa namna maalumu.

Basi ukibandika kipande kigumu juu ya mshono huo, moja ya mambo mawili laweza kutokea. Ama mfuko utachelewa au kwenda upande, ama kipande chenyewe kitarushwa kama kombora kumwelekea uliyetaka kumpendezea safari. Hatari hiyo iko pia katikati ya usukani, na katika magari mengi iko ubavuni mwa viti vya mbele. Mfuniko wa kiti ulioshonwa pasipo kuacha nafasi ubavuni huweza kuuzuia mfuko uliofichwa humo.

PAMBO SI KOSA

Hata hivyo, pasiwe na mtu atakayesema kwamba kupamba ni upuuzi. Watu wa nchi hii walipamba ndani ya nyumba zao tangu zamani. Mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanzisha imigongo: samadi ya ng'ombe ikachanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole kuwa matuta ya pembe na miraba, kisha ikatiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wanawake wa upande wa mashariki walishika mstari wa mbele kuifufua sanaa hiyo. Hata Jumba la Mikutano lililopo hapa Kimihurura, lililofunguliwa mwaka 2016, limejengwa kwa umbo linalokumbusha nyumba ya mfalme.

Kwa hiyo hapana ubaya mtu kutaka gari lake lifanane naye. Njia ziko kadhaa. Iliyo nyepesi ni karatasi ya plastiki yenye gundi: sehemu husafishwa kwa spiriti hadi mafuta yote yatoke, karatasi hupashwa joto kidogo ili ilegee, ikavutwa juu ya kona na kukatwa ukingoni. Nyingine ni ubao mwembamba wa kweli, unaogandishwa juu ya kipande na kupakwa vanishi mara kadhaa. Ya tatu ni kutandaza picha ya rangi juu ya maji, kisha kipande kilichong'olewa garini kikazamishwa polepole hadi picha ikishike pande zote. Kwa viti, kuna ngozi na vitambaa, navyo vyaweza kubeba michoro ya imigongo.

MASHARTI YAKE

Sharti la kwanza tumekwisha kulisema: usifunike mfuko wa hewa. La pili, epuka mng'aro juu ya dashibodi. Kigali i karibu na Ikweta. Jua la mchana hupiga kioo cha mbele, na pambo linalong'aa huakisi mwanga machoni mwa dereva. Madereva wa mashindano hupendelea uso mweusi usiong'aa kwa sababu hiyo hiyo.

La tatu ni moto. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1972 inataka moto usitambae juu ya vifaa vya ndani ya gari kwa kasi ipitayo milimita 102 kwa dakika. Kitambaa kilichonunuliwa ovyo hakikupimwa hivyo. La nne, usizibe taa za onyo, matundu ya hewa wala kifungio cha mkanda wa usalama.

Askari polisi anayekagua gari barabarani naye asiishie kutazama matairi na taa. Akichungulia ndani kwa dakika moja, aweza kumwonya raia juu ya hatari ambayo mwenyewe haijui. Na dereva wa gari la jeshi akumbuke kwamba gari la kazi si mali yake. Halipambwi kwa matakwa ya mtu mmoja.

Kipande changu kiliondolewa na sajini yule yule. Alitenganisha betri kwanza, akangoja dakika kadhaa, ndipo akakivuta taratibu pasipo kukwangua. Kifuniko kilionekana kizima. Sasa pambo langu limebaki kuzunguka gia tu: ukanda mwembamba wa miraba nyeusi na nyeupe. Upande wa abiria plastiki ingali imepauka, na herufi zile zinasomeka.