Bukavu: Mvua isimkoseshe mtoto chanjo, mradi atoke na afike mkavu

Asubuhi ya mvua humpa mama wa Bukavu hesabu ngumu. Fishi ya mtoto inaonyesha kwamba leo ndiyo siku ya chanjo. Kituo cha afya kiko chini ya kilima, njia ni matope matupu, na mtoto ana wiki sita tu. Kuna wamama wanaoamua kubaki nyumbani, wakiogopa mtoto atashikwa na nimonia. Wengine hutoka, lakini mtoto amezungushiwa mablanketi na mfuko wa plastiki mpaka pua haionekani.

Njia zote mbili zina hatari yake. Katika ratiba ya chanjo ya Kongo, mtoto wa wiki 6, 10 na 14 hupewa, pamoja na chanjo nyingine, ile inayomkinga na pneumokoki, bakteria iliyo moja ya sababu kubwa za nimonia kali kwa watoto. Mama anayebaki nyumbani kwa kuogopa nimonia anaichelewesha kinga ya nimonia yenyewe. Na mtoto aliyefunikwa plastiki usoni anaweza kukosa hewa mgongoni, mama asijue.

Tena Bukavu si mji wa kungojea mvua iishe. Uko karibu mita 1.500 juu ya bahari, kando ya Ziwa Kivu, na mvua zake huanza mwezi wa Septemba na kuendelea hadi Mei. Kwa miezi hiyo yote kuna soko, kanisa, kilio, kupima uzito wa mtoto. Kutoka Cimpunda, Panzi, Muhungu ao Bagira, familia nyingi hutembea kwa miguu ao kwa moto. Mtoto atatoka tu. La kujua ni atatoka amevaa nini.

Baridi na nimonia si kitu kimoja

Nimonia huletwa na virusi na bakteria, haishuki pamoja na mvua. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema ugonjwa huo uliua watoto zaidi ya 740.000 wenye chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019. Wakati wa mvua watu hujifungia pamoja ndani ya nyumba, mwenye kukohoa akiwa karibu na mtoto, babula ya makala ikiwaka na madirisha yamefungwa. Moshi huo unaumiza mapafu ya mtoto, na makala ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua familia nzima usingizini.

Hata hivyo, wamama hawakosei wanapoogopa baridi. Mwili wa mtoto mchanga ni mdogo na hupoteza joto upesi, hasa kupitia kichwa. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36,5 na 37,5. Likishuka chini ya hapo, mtoto hulegea na kunyonya vibaya. Na kinachoiba joto zaidi ni maji: mtoto mwenye nguo nyepesi lakini kavu yuko salama kuliko mwenye blanketi nzito iliyolowa. Kanuni ni moja: ukavu kwanza, uzito baadaye.

Kuvaa kwa tabaka

Badala ya nguo moja nzito, mtoto avae nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine. Kwa ndani, nguo laini ya pamba inayofika mpaka miguuni, na kushi iliyobadilishwa kabla ya kutoka, kwa sababu kushi iliyojaa ni unyevu unaotoka ndani. Katikati, triko ya sufu. Juu kabisa, kitu cha kuzuia maji. Kichwani kofia, miguuni soksi. Kwa kawaida mtoto mchanga anahitaji tabaka moja ao mbili zaidi ya zile alizovaa mama yake.

Mikono ya mtoto hudanganya, inaweza kuwa baridi hata kama mwili uko sawa. Ni vizuri kugusa kifua ao shingo nyuma. Kukiwa baridi, aongezewe nguo. Kukiwa na jasho, apunguziwe, kwa sababu jasho nalo hulowesha nguo na kumletea baridi baadaye.

Kitenge kinambeba mtoto vizuri na joto la mgongo wa mama linamsaidia, lakini ni pamba: kinanywa maji. Mvua ikinyesha, inafaa koti la mvua la mama liwe pana, limfunike yeye na mtoto pamoja, uso wa mtoto ukibaki nje chini ya mwavuli. Plastiki inaweza kupita mgongoni na miguuni mwa mtoto, lakini isipite kamwe kichwani wala usoni. Ndani ya mfuko, vitenge viwili vikavu ni akiba: kimoja cha kumbebea wakati wa kurudi, kingine cha kumfunika.

Juu ya moto, baridi huongezeka, kwa sababu upepo hupita kwenye nguo zilizolowa. Tena mama hamwoni mtoto aliye mgongoni, na kofia ao kitenge kinaweza kushuka puani. Mvua ikiwa kali, dakika ishirini chini ya baraza la duka ni bora kuliko kukimbizana nayo barabarani.

Wale wanaotembea

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ana shida nyingine: anapenda kukanyaga maji. Boti za mpira zinamfaa, mradi zisiwe kubwa sana, maana kwenye miteremko ya Kadutu kiatu kinachocheza mguuni kinaangusha. Suruali ya jinzi ikilowa huwa nzito na hukawia kukauka. Ya kitambaa chepesi ni bora. Rangi kali, nyekundu ao njano, humsaidia dereva kumwona mtoto kwenye mvua.

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mjini na mabenki kufunga milango, pesa imekuwa ngumu kwa familia nyingi, na jaketi mpya si ya kila mtu. Kwenye balo za nguo za mitumba, soko la Kadutu ao Nyawera, jaketi nzuri ya mtoto inaweza kupatikana kwa anayejua kuchagua. Ajaribu zipu, atazame mishono ya mabega, na adondoshe matone ya maji juu ya kitambaa: yakiteleza, jaketi ni ya mvua, yakinywewa, ni ya upepo tu. Kamba za kofia zikatwe, kwa sababu zinaweza kunasa na kumkaba mtoto. Nguo ifuliwe na ikauke vizuri kabla ya kuvaliwa.

Kufika, na kujua kungojea

Kazi haiishi mlangoni mwa kituo cha afya. Kilicholowa kivuliwe mara moja, mtoto apanguswe, aanzie kichwani, avalishwe nguo kavu na anyonyeshwe akiwa amegusana na kifua cha mama. Nguo zisikaushwe juu ya babula katika chumba alicholala mtoto.

Kuna siku ambazo jibu ni kubaki. Radi ikipiga, ao maji yakijaa mitaro na kushuka kwa nguvu kwenye miteremko, hakuna nguo itakayomlinda mtoto. Kivu Kusini haijasahau Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, yalipoua mamia ya watu. Chanjo iliyokosekana siku hiyo haijapotea: mama aende siku inayofuata ya chanjo, na mtoto ataendelea pale alipofikia, bila kuanza upya. Hata mafua madogo hayamzuii kuchanjwa.

Na mtoto akikohoa baada ya mvua, asiachwe kwa kusema ni baridi tu. Mama amhesabie pumzi kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 ao zaidi kwa mwenye chini ya miezi miwili, 50 ao zaidi kwa wa miezi miwili mpaka kumi na miwili, 40 ao zaidi kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, ni za haraka mno. Mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta hewa, ao akikataa kunyonya, apelekwe kwa muganga siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.