Sare imeshonwa kwa ajili ya mtoto

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo tunaijua sote, lakini mpendwa msomaji, mimi siku moja niliziona nyasi zenyewe. Zilikuwa zimekaa kwenye kivuli cha simtanki la parokia, zimevaa kaptula ya shule na ndala, zikisubiri kikao chetu kiishe.

Wakati huo nilikuwa mlezi wa kiroho wa kundi la skauti katika parokia moja. Viongozi wake walikuwa tisa, wote wa kujitolea. Kulikuwa na walimu wawili wa shule ya msingi, fundi umeme, mama mmoja mwenye genge la mboga, askari mstaafu na wengine wa namna hiyo. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Jumamosi zao waliwapa watoto wa watu. Ninasema hili mwanzoni kabisa ili usidhani kwamba nawasimanga. Watu wa namna hii ni zawadi ya Mungu kwa Kanisa na kwa nchi.

Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, tulikaa kuzungumzia kambi ya likizo ya Juni. Ajenda zilikuwa nne: sare, ada, mafunzo ya viongozi na kanuni za kundi. Sare na ada zilitula karibu saa tatu. Wengine walisema kundi letu linachekwa wilayani kwa sababu watoto wanakwenda kwenye gwaride wamevaa mchanganyiko kama soko la mitumba. Mwingine akasema ada haikusanywi, na kila mwaka ni yeye anayekopa mchele dukani. Sauti zilipanda. Mwisho tukaafikiana: asiye na sare kamili, na asiyemaliza ada, haendi kambini. Mafunzo ya viongozi tukayapa dakika kumi, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Mimi nikatia sahihi muhtasari, nikafunga kwa sala.

Nje, yule kijana wa kwenye simtanki alinifuata. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Ndiye aliyefika wa kwanza kila Jumamosi kufagia uwanja, na ndiye aliyewafundisha wenzake kufunga mafundo ya kamba. Aliishi na bibi yake. Shingoni alikuwa na skafu ambayo bibi aliishona kwa mkono kutoka kipande cha kitambaa.

"Baba," aliniuliza, "skafu peke yake haitoshi?"

Nilikuwa nimechoka. Nilimjibu, "Mwanangu, kanuni ni kanuni."

"Haya Baba. Asante." Akaondoka.

Kambi ilifana. Watoto walikuwa nadhifu, picha zilipendeza. Jumamosi iliyofuata hakuja. Baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba hata misa haji. Nilipokwenda nyumbani kwao, bibi alinikaribisha kwenye kigoda, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba, mjukuu wangu hana hasira na mtu. Anaona aibu tu."

Hasira ina maneno, na mtu mwenye hasira utamsikia. Mwenye aibu huondoka kimya, na sisi tunadhani mambo ni shwari kwa sababu hakuna anayelalamika.

Tangu siku hiyo nimejiuliza maswali manne, moja kwa kila ajenda ya kikao kile.

La kwanza ni juu ya sare. Sare ni ya nini? Sitaki kuidharau. Yule askari mstaafu alikuwa na hoja: sare hufundisha unadhifu, na mtoto aliyeivaa hujiheshimu. Robert Baden-Powell, jenerali wa Uingereza aliyeanzisha skauti, alitaka sare kwa sababu nyingine zaidi. Aliona kwamba inafunika tofauti. Mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua wakivaa shati la aina moja, huwezi kuwatenga kwa macho. Basi fikiri, ndugu yangu: kitu kilichowekwa ili maskini asionekane, sisi tulikigeuza kikawa mlango wa kumtoa nje.

Tena skauti haikuanza na sare kamili. Kambi ya kwanza ilifanyika mwezi Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wavulana kama 20 hivi waligawanywa katika vikosi vinne, kila kikosi na utepe wa rangi yake begani. Hawakuwa na mashati ya sare. Walivaa skafu za kaki, na kupewa beji ya shaba. Kwa hiyo swali la kijana wetu, kama skafu peke yake haitoshi, lilikuwa limeshajibiwa na mwanzilishi mwenyewe. Kijana yule aliijua skauti kuliko kamati yetu nzima.

Biblia nayo ina habari za sare. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, mfalme Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita. Nia yake ilikuwa njema. Lakini Daudi alishindwa hata kutembea. Akayavua, akaenda na kombeo na mawe matano. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea waamini wanaompa kiti kizuri mwenye nguo nzuri, na kumwambia mwenye nguo chakavu asimame kule. Najua kuna atakayenikumbusha mgeni aliyetolewa karamuni kwa kukosa vazi la arusi, Mathayo 22. Mtakatifu Agustino alieleza kwamba vazi lile ni upendo. Tukilisoma hivyo, katika kikao chetu siku ile aliyekuwa hana vazi la arusi si yule mtoto. Ni mimi.

La pili ni juu ya ada. Ada ina kazi yake. Mahema hayashuki kama mana, wala sufuria haichemki kwa sala tu. Lakini ni nani aliyesema haki ni kila mtu kulipa sawa? Katika kambi ile ya Brownsea, wavulana wa shule za kitajiri walitozwa paundi 1, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 20. Watoto wa familia za kawaida walitozwa shilingi 3 na nusu, chini ya moja ya tano. Walilala kambi moja, wakala chakula kimoja, wakacheza michezo ileile.

Sheria ya Musa ilikuwa imelijua jambo hili zamani sana. Katika Walawi 12, mama aliyejifungua alitakiwa kupeleka mwanakondoo na ndege mmoja. Asipoweza kumpata mwanakondoo, alete ndege wawili. Sasa fungua Luka 2:24 uone Maria na Yosefu walipeleka nini hekaluni. Walipeleka ndege wawili, sadaka ya wasio na uwezo. Kama kuhani wa zamu angekuwa na msimamo kama wangu, Familia Takatifu ingerudishwa mlangoni.

Sisemi maskini asamehewe kila kitu. Msaada usio na mchango wowote nao huweza kumvunjia mtu heshima. Anayeweza kuleta kilo ya maharage alete maharage. Anayeweza kuleta kuni alete kuni. Kutoa ni moyo, si utajiri. Na mzazi mwenye uwezo ambaye kila mwaka anasubiri kupigiwa simu mara tano ajue kwamba pengo lake linazibwa na mama wa genge.

Upande wa viongozi nao kuna deni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtume Paulo, alipopeleka mchango wa Wakristo Yerusalemu, alihakikisha hayuko peke yake, ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha zile (2 Kor 8:20-21). Kama Paulo alitaka mashahidi, sisi ni nani? Bandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Utaona ada inavyokusanyika.

La tatu ni mafunzo. Hapa nina uchungu zaidi, kwa sababu ndipo tulipotumia dakika kumi. Wapo wanaodhani kwamba anayejitolea hadaiwi kitu, kwamba nia njema inatosha. Kanisa halisemi hivyo. Sheria za Kanisa, kanuni namba 231, inawataka walei wanaojitoa kwa huduma maalumu wapate malezi yanayofaa ili watimize wajibu wao ipasavyo. Skauti nao walilijua hili mapema. Mwaka 1919 walifungua kituo cha kufundishia viongozi huko Gilwell Park, karibu na London. Padre Jacques Sevin, Mjesuiti wa Ufaransa ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi Mheshimiwa mwaka 2012, alikwenda kujifunza kwa Waingereza kabla ya kuwafundisha Wafaransa wenzake. Padre msomi hakuona haya kukaa tena kwenye dawati.

Mafunzo si gwaride na mafundo tu. Kiongozi lazima ajue kumwokoa mtoto aliyezama majini, kumhudumia aliyeumwa na nyoka, na kutambua mtoto anayeteswa nyumbani. Lazima ajue kwamba mtu mzima halali hema moja na mtoto wa watu, wala hakai naye faragha. Na lazima ajue aende kwa nani akisikia habari mbaya. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi ili mashtaka ya unyanyasaji yaripotiwe, yasifukiwe. Kabla yake, Bwana mwenyewe alishasema habari ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari (Mt 18:6).

Hapo nafika swali la nne, la kanuni zenyewe. Je, nataka kanuni zilegezwe? Zipo za kulegeza na zipo za kukaza. Kosa letu siku ile ni kwamba tulikaza ya kulegeza na kulegeza ya kukaza. Soksi tulizipigia kelele. Usalama wa mtoto tukauahirisha hadi kikao kijacho.

Utazitofautishaje? Uliza swali moja: kanuni hii inamlinda nani? Kama inamlinda mtoto, ikaze, hata mkubwa akikasirika, hata kama mkubwa huyo ni padre. Kama inalinda sifa yetu sisi mbele ya watu, ilegeze. Yesu alisema katika Marko 2:27 kwamba Sabato iliwekwa kwa faida ya mwanadamu. Kama Sabato, iliyotoka kwa Mungu, iko chini ya kipimo hicho, itakuwaje kaptula ya kaki iliyotoka kwa fundi cherehani? Kanuni ya mwisho kabisa katika kitabu cha Sheria za Kanisa, namba 1752, inatukumbusha kwamba wokovu wa roho za watu ndiyo sheria kuu. Niliisoma seminarini, nikaijibia mtihani, nikafaulu. Kwenye simtanki nikafeli.

Mpendwa msomaji, huenda hujawahi kuwa skauti. Lakini una kwaya yenye sare mpya kila Pasaka. Una chama cha kitume chenye kitenge cha sherehe. Una Utoto Mtakatifu, una hija ya dekania yenye nauli na michango. Leo baada ya misa, tazama nani hayupo. Usiulize katibu, katibu atakuonyesha waliolipa. Uliza watoto. Wao wanajua mwenzao yupi aliacha, na kwa nini.

Kisha fanyeni mambo madogo. Wekeni sanduku la sare kwenye sakristia. Mtoto anayekua na nguo yake ikambana, aiache pale kwa mdogo wake katika Kristo. Wekeni ada ya ngazi mbili au tatu, na jina la anayelipa kidogo alijue mtu mmoja tu. Mpelekeni kiongozi mmoja mafunzoni kila mwaka kwa fedha ya parokia, maana ametoa muda wake, asitoe na nauli. Na kikao kianze na ajenda ya usalama wa watoto, watu wakiwa bado hawajaona njaa.

Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na amezikwa hukohuko. Kwenye kaburi lake kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa lugha ya skauti maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Ni alama ya mtu aliyemaliza safari. Tuombe asiwepo mtoto wa kwetu anayekwenda nyumbani kabla ya safari kuanza, kwa sababu ya shati.

Na yule kijana? Sasa ni mtu mzima, dereva wa bodaboda. Nilimwomba msamaha, akacheka, akasema nisijali. Misa anakuja siku za sikukuu. Tukikutana stendi hunipa mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana. Watu wanashangaa kijana anampaje padre mkono wa kushoto. Mimi naupokea, na kila mara nakumbuka kwamba kambini hatukumpeleka.

Jumapili njema.