Sayari ni Kitu Gani?

Natumaini ninyi nyote wa madarasa ya Mpanda, Karema, Inyonga na Mwese mmekwisha kaa tayari, na daftari zenu ziko wazi. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili kwa herufi kubwa: SA-YA-RI. Someni wote pamoja. Vema.

Katika nyumba nyingi hutokea ubishi. Mtoto anatoka shuleni, anasema, "Baba, sayari ni nane." Baba aliyesoma zamani anajibu, "La, mwanangu, ni tisa. Hata mwalimu wangu alisema tisa." Je, nani mwongo? Hakuna mwongo hata mmoja. Baba alifundishwa hesabu ya wakati wake, na mtoto anafundishwa hesabu ya sasa. Haya, tutazame jinsi hesabu ilivyobadilika.

Tangu kale watu waliziangalia nyota. Waliona kwamba karibu zote hukaa katika makundi yale yale. Kilimia, kwa mfano, ni kundi moja mwaka hata mwaka, na wakulima walilitazama ili wajue majira ya kulima. Lakini mianga michache haikai mahali pamoja. Leo uko karibu na nyota hii, baada ya majuma machache umeiacha, uko karibu na nyingine. Hiyo ndiyo sayari, na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, maana yake kitu kiendacho. Kwa macho tu watu waliziona Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Baadaye ikaja darubini. Mwaka 1781 William Herschel aliiona Uranus huko Uingereza. Mwaka 1801 Giuseppe Piazzi, katika mji wa Palermo, aliona kitu kidogo kati ya Mirihi na Mshtarii, kikaitwa Ceres. Watu wakakihesabu kuwa sayari. Lakini muda si mrefu vikaonekana vingine mahali pale pale, kimoja, viwili, vitatu, kisha vingi sana. Wataalamu wakasema, "Tukiviita vyote sayari, tutahesabu mpaka lini?" Basi Ceres ikaondolewa katika orodha. Neptuni iliyoonekana mwaka 1846 ikabaki, kwa kuwa ni kubwa kweli.

Mwaka 1930 Clyde Tombaugh wa Marekani aliigundua Pluto, mbali kupita Neptuni. Ikawa sayari ya tisa, na hiyo ndiyo hesabu ya baba. Lakini mambo ya Ceres yakarudi tena. Tangu mwaka 1992 vitu vingine vingi vya barafu vilionekana huko mbali. Mwaka 2005 ikatangazwa Eris, ambayo ukubwa wake ni karibu sawa na Pluto. Ikiwa Pluto ni sayari, mbona Eris isiwe? Ilibidi kukata shauri.

Tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota ulikutana mjini Prague. Wajumbe wakainua kadi kupiga kura, wakapitisha masharti matatu. Andikeni.

La kwanza: sayari izunguke Jua.

La pili: iwe nzito kiasi cha kujifanya mviringo kama chungwa. Kila kitu kina nguvu ya kuvuta. Katika kitu kidogo nguvu hiyo ni haba, haiwezi kuushinda ugumu wa jiwe. Tazameni kimondo cha Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Ni pande la chuma lililotoka mbinguni, uzito wake zaidi ya tani 10, lakini halikuwa mviringo. Katika kitu kikubwa sana, nguvu huvuta kila upande kuelekea katikati, nacho huwa mviringo.

La tatu: iwe imesafisha njia yake. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua, na viboko husongamana katika madimbwi. Dume kubwa hushika sehemu yake na kuwafukuza madume wengine. Ndivyo ilivyo sayari: vitu vidogo vilivyo njiani mwake imevimeza, imevisukuma mbali, au imevitawala. Pluto inazunguka Jua, na ni mviringo, lakini iko katikati ya kundi kubwa la wenzake. Imeshindwa sharti la tatu. Sasa Pluto, Eris na Ceres huitwa sayari kibete.

Wako wataalamu wasioridhika na sharti hilo mpaka leo. Lakini jambo moja tulishike sana. Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Tabora, mwaka 1974 ikaingia Mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Je, Mto Katuma ulihama? Haukuhama. Watu ndio waliopanga upya mipaka ili kazi iende vizuri. Na Pluto vile vile: haikupungua hata kidogo, ila watu wamepanga upya majina, kwa kuwa wamejua mengi zaidi. Kwa hiyo mtu mzima asione haya kuibadili hesabu yake.

Sasa maswali. Moja: tajeni sayari nane, pamoja na Dunia yetu. Mbili: Mwezi ni mviringo, tena ni mkubwa kuliko Pluto, kwa nini si sayari? Someni tena sharti la kwanza. Tatu: mkiiona Zuhura iking'aa magharibi baada ya Jua kutua, au mashariki alfajiri, angalieni iko karibu na nyota gani. Baada ya juma moja tazameni tena, kisha andikeni mlichokiona.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.