Ukitemwa, Weka Ngoma za Japani

Mayut wengi wa mtaa waliingia Japani kupitia anime. Uliingia kucheki Naruto akirusha mangumi, episodi ikaisha, ngoma ikaanza, na badala ya kuruka ukajipata umetulia tuli. Hushiki hata neno moja lakini roho imeshika kila kitu. Wengine walidakwa na Anohana ya 2011, yenye ilirudisha "Secret Base", ngoma ya ZONE, madem wa Sapporo, ya 2001. Unasaka jina ya ngoma, unapata ingine chini yake, na kufikia saa nane usiku simu imejaa mangoma za wasee wanaimba kuhusu mtu alisepa na harudi.

Nadai tuongee kuhusu hizo ngoma, juu naamini ziko na kitu yenye tunahitaji sana. Huku kwetu ukitemwa, mabeshte wanakupea dawa mbili. Ya kwanza, msahau chap chap, tafuta mwingine kabla wikendi. Ya pili, mchambe, weka status ya kumchoma, wacha mtaa mzima ujue. Ngoma za Japani hazina hiyo haraka na hazina matusi. Zinakuambia keti na hiyo maumivu, iangalie vizuri, mheshimu mwenye alienda, alafu uinuke ukiwa tayari.

Meli, theluji na manzi mwenye haongei

Anza na enka, mtindo wenye wazee wa Japani wamelia nao miaka mingi: baa ndogo, pombe, mvua, bandari, na mtu mwenye ako mbali. Kama ni moja tu utaskiza, weka "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki" ya Sayuri Ishikawa, ya 1977. Maneno aliandika Yū Aku, muziki ni wa Takashi Miki.

Stori ni hivi. Manzi ametoka Tokyo na treni ya usiku. Anashuka steshe ya Aomori, kaskazini huko, na theluji imejaa. Watu wanaenda kupanda meli ya kuvuka kuelekea Hokkaido, na hakuna mtu anapiga stori. Yeye pia anapanda, peke yake, anaangalia ndege wa bahari wakipigwa na baridi. Anarudi kwao. Kuna msee amemwacha nyuma, na hiyo ndio stori yote.

Sasa cheki venye hajafanya. Hajasema jamaa alimkosea nini. Hajamtusi. Hajaomba arudiwe. Anakuonyesha tu baridi, meli na hiyo kimya ya watu, na wewe mwenyewe unaweka maumivu yako hapo katikati. Mwaka wa 1988 reli ya chini ya bahari ya Seikan ilifunguliwa na hizo meli za treni zikastaafu, lakini ngoma haikustaafu. Pale bandarini Aomori kuna mnara wake, na ukiukaribia ngoma inaanza kucheza.

Skiza pia sauti. Kwa enka msanii hashiki noti akaiwacha tu. Anaikunja. Silabi moja inapanda, inatetemeka, inashuka, inarudi juu kabla neno liishe. Hiyo kukunja wanaiita kobushi. Kama umelelewa na mathe wa taarab, masikio yako yatakaribisha hii kitu haraka.

Na kama unadhani hii ni ya wazee wa Kijapani pekee, msake Jero. Ni Mmarekani mweusi wa Pittsburgh, shosh yake alikuwa Mjapani, na hizo enka alizipata kwake akiwa mtoi. Mwaka wa 2008 alitoa "Umiyuki" akiwa amevaa kofia na nguo kubwa kama rapa, lakini kwa maiki ni enka safi, kobushi zote ziko. Alikuwa ameahidi shosh kuwa siku moja ataimba kwa Kōhaku Uta Gassen, ile shoo ya NHK ya tarehe 31 Desemba yenye familia za Japani huketi kucheki pamoja. Shosh alifariki kabla aone. Jero akafika hiyo steji mwaka huo huo wa 2008. Ukijua hiyo stori, ile ngoma haiwezi kuwa ya kuachwa na mpenzi pekee. Ni ya kumisi mtu, kabisa.

Kwa nini inauma na lugha hushiki

Kama uliimba kwaya ya shule ama ya kanisa, hii utaishika sai sai. Enka huchukua ngazi ya sol-fa ikatoa noti mbili, ya nne na ya saba. Kwa upande wa huzuni unahesabu kuanzia la, so unabaki na la, ti, do, mi, fa. Ziimbe hizo tano pole pole, upande, ushuke. Ushaskia baridi ya Aomori na bado hujaweka maneno.

Ngoma za kisasa ziko na njia yao. Kodi za kinanda zinaanza kwa fa, zinaenda so, zinaingia mi, zinatua la. Korasi nyingi za J-pop zimejengwa hapo. Ukifika so, masikio yako yanangoja kurudi nyumbani, kwa do. Lakini hazirudi. Zinakata kona ya mi na kuishia la, upande wa majonzi, alafu zinaanza tena. Kila mara unaona mlango wa kwenu, na kila mara unapitishwa. Kabla msee afungue mdomo, kinanda kishakuambia kuna mtu harudi.

Wanaume wanalia, na ni sawa

Tumelelewa tukiambiwa mwanaume halii. Japani, moja ya ngoma zao kubwa kuwahi kutoka ni ya mwanaume anatembea usiku peke yake akizuia machozi. Hiyo ni "Ue o Muite Arukō" ya Kyū Sakamoto, ya 1961. Huko nje waliipa jina "Sukiyaki", ambayo ni chakula cha nyama na haihusiani na stori, na bado Juni 1963 ilishika nambari moja Marekani wiki tatu, ikiimbwa Kijapani. Rokusuke Ei aliandika maneno yake baada ya maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani. Maandamano yalikuwa yamefeli. Akageuza hiyo uchungu ikawa ngoma ya mtu yeyote mwenye amebaki peke yake, na katikati kuna mluzi, juu kuna mahali maneno hayafiki.

Alafu kuna "Lemon" ya Kenshi Yonezu, ya Machi 2018. Ilitengenezewa "Unnatural", tamthilia ya TBS kuhusu madaktari wenye wanachunguza maiti kujua mtu alikufaje. Yonezu akiwa bado anaiandika, guka yake akafariki. Unaskia hiyo kifo ndani. Haimbi kama mtu ameandikiwa kazi ya televisheni, anaimba kama mtu amerudi keja na kuna kiti kimebaki wazi. Kumbukumbu yote ameibeba na kitu moja ndogo, limau: ile harufu chungu yenye haitoki kifuani.

Weka earphone uskize verse. Kwa biti kuna kisauti kifupi cha mtu, kama amekatwa pumzi, kinarudi rudi. Cheki vidio: ako kanisani, watu wameketi kama kwa matanga, dem mmoja anadance peke yake, na kuna mahali Yonezu mwenyewe amevaa viatu vya kike vya visigino virefu. Hakuna mtu anaeleza kitu. Ilikuwa ngoma nambari moja ya mwaka kwa chati ya Billboard Japan 2018 na tena 2019, na YouTube imecheckiwa zaidi ya mara milioni 800. Desemba 31, 2018 aliiimba kwa Kōhaku kutoka mkoa wa kwao, Tokushima, ndani ya jumba la sanaa la Ōtsuka, mishumaa imewaka kila mahali. Na mji wenye hilo jumba liko, nyi wasee wa anime, unaitwa Naruto.

Yenye imenifunza zaidi ni ya msanii anaitwa Yuuri. Mwaka wa 2019 alitoa "Kakurenbo", stori ya mapenzi imevunjika, upande wa jamaa. Mwaka wa 2020 akatoa "Dry Flower", mapenzi ni yale yale, lakini sasa ni dem ndiye anaongea. Jamaa aliandika maumivu yake, alafu akakaa chini akaandika ya mwenye waliachana naye, kwa heshima, kama mtu mzima. "Dry Flower" ndio ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza, ikamaliza 2021 nambari moja kwa chati ya Billboard Japan. Fikiria kama kila mtu mwenye ametemwa angejaribu hiyo kitu mara moja: kuandika stori upande wa ex wake. Mastatus mangapi zingefutwa?

Wasanii wenye sauti zao hazizeeki

Hikaru Utada alizaliwa New York 1983, mtoto wa Keiko Fuji, staa mkubwa wa enka. Albamu ya "First Love" ilitoka Machi 1999, Utada ako na miaka 16, na ikauza zaidi ya kopi milioni 7 Japani peke yake. Hakuna albamu ingine huko imewahi kuipita. Ngoma yenyewe ni ya mtu ameshajua busu la mwisho lilikuwa la mwisho, na ako na imani atapenda tena siku moja, lakini huyu wa kwanza hatafutika. Netflix waliijengea tamthilia nzima 2022. Mwaka wa 2013 Keiko Fuji alifariki, na 2016 Utada akarudi na "Fantôme", albamu yenye inabeba hiyo msiba. Kutoka busu hadi mathe, ni sauti ile ile inajua kubaki na kitu hadi iishe.

Alafu Miki Matsubara. Alitoa "Mayonaka no Door" Novemba 1979, ako na miaka 19, ikiwa imetungwa na Tetsuji Hayashi. Ukiiskia haraka unaweza fikiria ni ya pati, besi linatembea. Ndani yake ni dem usiku wa manane anamwomba mtu asiende. Matsubara alifariki kwa kansa Oktoba 2004, ako na miaka 44. Mwisho wa 2020, ngoma yake ikalipuka TikTok, watoi wakawachezea mamathe wao wa Kijapani na mamathe wakaanza kuimba hapo hapo na kudance. Mtu mwenye hayuko alikuwa anaombwa na dunia yote abaki.

Venye nazipendekeza

Skiza mara ya kwanza bila tafsiri, wacha sauti ifanye kazi yake. Alafu soma maneno, juu mengi yamejaa vitu vya kushika: limau, sigara, meli, ua limekauka. Chukua ngoma moja kwa usiku, isiwe rundo la masaa matatu. Simu iweke mbali na jina ya ex.

Na uimbe. Karaoke yenyewe ilitoka huko, Daisuke Inoue akiwa Kobe alitengeneza mashine yake 1971, na siku hizi Wajapani wengi hukodi kachumba wakaimba peke yao, bila aibu. Kejani kwako panatosha. Lakini kama giza imekaa wiki baada ya wiki na hata kula huwezi, tafuta mtu wa kuongea naye, beshte, siz ama daktari. Ngoma ni ya kukusindikiza, haiwezi kubeba hiyo mzigo yote.

Kupenda si ujinga, na kuumia ukishapenda si udhaifu. Hao wasanii wamejenga muziki wa miaka mingi juu ya hiyo ukweli, na ndio maana unaweza kuwa Kayole ama Kisauni na bado wakakupata. Ukitemwa, usiharakishe kukaa sawa ndio watu wakuone. Lia vizuri, mwachie mwenye alienda heshima yake, na mwenye atakuja baadaye atakupata na roho safi, bila deni ya mtu mwingine.